Nilipoandika "marufuku" ubaoni

Sheria yangu ya kwanza kuhusu akili unde ilikuwa neno moja tu: marufuku. Niliiandika ubaoni kwa herufi kubwa, nikapangusa chaki mikononi, nikaona yameisha. Mkono ukanyooshwa kule nyuma. "Mwalimu, nikiiambia initungie maswali ya kujipima, halafu niyajibu mwenyewe, nayo ni marufuku?"

Nilibabaika. Nilikuwa nimekataza chombo bila kufikiria kazi.

Wakubwa nao walibabaika. ChatGPT, programu ya akili unde inayojibu maswali na kuandika, ilitoka Novemba 2022. Januari iliyofuata shule za umma za jiji la New York zikaizuia kwenye mtandao na vifaa vyao, na kufika Mei 2023 zikalegeza msimamo. Mtoto ana simu yake mfukoni, utamzuia nini?

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi. Niliamini programu inayodai kunusa maandishi ya mashine, nikampa binti mmoja sifuri mbele ya wenzake. Kesho yake aliniletea daftari: rasimu tatu, mistari iliyokatwakatwa, wino umevuja pembeni. Nilimwomba radhi palepale mbele ya darasa, maana ndipo nilipomwaibisha. Baadaye nikasoma kwamba OpenAI, waundaji wa ChatGPT, nao walitoa kigunduzi chao Januari 2023. Kwa majaribio yao wenyewe kilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kikasingizia asilimia 9 ya yale yaliyoandikwa na watu. Julai wakakiondoa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, nao walijaribu vigunduzi saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Tangu hapo sitoi adhabu kwa ushahidi wa programu.

Sasa sina sheria moja ya mwaka mzima. Kila zoezi lina mstari wake juu kabisa. Insha ya kujieleza: hapana, tunaandika darasani kwa kalamu. Mradi wa sayansi: uliza utakavyo, ila ambatisha maswali uliyoiuliza kama yalivyo, na kila dai ulihakikishe kitabuni, kwa kuwa mashine hizi hubuni mambo bila hata kupepesa macho. Majina na siri za wenzako usiziandike humo. Wadogo sana siwaambii waitumie kabisa. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa 2023 ilipendekeza umri usipungue miaka 13.

Lakini kinachofanya kazi kweli ni dakika tatu za mazungumzo. Namwita mwanafunzi, nachagua aya moja, namwambia anieleze. Mmoja alikuwa ameandika "mfumo unaojidumisha wenyewe". Nikamuuliza, unajidumishaje? Akatazama dari, kisha akacheka. Tukakaa tukaisoma upya, akaiandika kwa maneno yake, ikawa fupi na ikaeleweka. Sikumkata alama. Najua wapo walimu watakaosema nawalea.

Sheria ya mwisho waliidai wao: mwalimu naye aseme akiitumia. Haki yao. Wiki iliyopita niliandika chini ya zoezi kwamba swali la 4 na la 7 nilitungiwa na mashine. La 7 lilikuwa na kosa, na wao ndio walioligundua.