Kabla ya Kuisifu Lami, Tuutazame Mtaro Wake

Kila ninaporudi Tanga kwa likizo, baada ya salamu na habari za watoto swali la kwanza ninaloulizwa linahusu barabara za Ulaya: je, ni kweli kwamba mtu anaweza kusafiri kutwa nzima bila tairi kuingia shimoni hata mara moja? Huwa najibu kwamba ni kweli kwa nchi ninayoishi, yaani Uholanzi, lakini si kweli kwa Ulaya nzima, na kwamba sababu yake siyo ile ambayo wengi wetu tunaidhania. Mwaka huu mjomba wangu hakuridhika na jibu hilo fupi, nikamwahidi kuliandika kwa kirefu.

Ninaendesha gari la kusambaza mizigo kutoka ghala lililo nje kidogo ya Utrecht, na huu ni mwaka wangu wa 12 katika kazi hiyo. Anayeshika usukani saa nane kwa siku huishia kuijua barabara kwa sauti yake na kwa jinsi inavyopokea mvua, kabla hata hajaitazama. Alfajiri moja ya Novemba nilikuwa nyuma ya lori la maziwa kwenye barabara kuu, mvua ikinyesha kwa nguvu, na bado niliziona taa zake za nyuma waziwazi kana kwamba barabara ilikuwa kavu. Tulipoiacha barabara kuu na kuingia katika barabara ya mkoa yenye lami ya kawaida, magurudumu ya lori lile yakaanza ghafla kurusha ukungu wa maji uliofunika kioo changu chote, ikanibidi kupunguza mwendo na kuliacha lipotee mbele yangu. Mvua ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni tabaka la juu la lami, ambalo unene wake haupiti sana sentimita 5.

Sehemu kubwa ya barabara kuu za huku imewekwa lami iliyotengenezwa makusudi iwe na matundu. Takriban asilimia 20 ya ujazo wake ni nafasi tupu, ilhali lami ya kawaida iliyoshindiliwa vizuri hubaki na asilimia 4 au 5 tu. Mvua ikinyesha, maji hayatuami juu yake. Huzama ndani ya tabaka hilo, hukutana chini na tabaka jingine lisilopitisha maji, kisha hutambaa kuelekea pembeni hadi kwenye mtaro. Kwa sababu ya matundu hayohayo, hata mngurumo wa matairi hupungua.

Simulizi hii si pendekezo la kuipeleka lami hiyo nyumbani. Vumbi na matope yetu yangeyaziba matundu yale katika misimu michache tu. Huku kwenyewe, mahali ambapo magari hayapiti mara kwa mara, kama vile njia ya dharura ya pembeni, lami hiyo husafishwa kwa mashine maalumu ili isizibe. Isitoshe, huchakaa mapema kuliko lami ya kawaida, kokoto zake hung'oka wakati wa baridi kali, na huhitaji chumvi nyingi zaidi ili isiteleze. Waholanzi waliichagua kwa kuwa nchi yao ina mvua nyingi na magari yaliyosongamana, na wanazo fedha za kuibadilisha kila baada ya miaka 10 hadi 15 hivi. Sisi tunahitaji lami iliyofungika vizuri juu, isiyoruhusu tone kupenya. Ila fikra iliyo nyuma ya lami ile, kwamba mjenzi wa barabara anatakiwa kwanza kujua maji yatapita wapi, hiyo ndiyo ningependa tuichukue.

Waholanzi hawakupewa ardhi bora kuliko yetu. Takriban robo ya nchi hiyo ipo chini ya usawa wa bahari, na maeneo kama Gouda yamekaa juu ya udongo laini wa mboji unaodidimia mwaka hadi mwaka. Anayeujua udongo mweusi wa mbuga nyumbani, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ataelewa mara moja shida ya kujenga juu ya ardhi ya namna hiyo. Mahali pengine hawatumii hata kifusi, kwa sababu uzito wake ungeizamisha barabara. Badala yake hupanga matofali makubwa ya povu gumu jepesi, kisha hujenga juu yake.

Mitaa mingi ya makazi haina lami kabisa. Imepangwa vitofali vya udongo wa kuchoma au vya saruji juu ya mchanga ulioshindiliwa. Mtaa ukididimia, au bomba la maji likihitaji kutengenezwa, mafundi hung'oa vitofali, hurekebisha chini, kisha huvirudisha vilevile. Niliwahi kusimama dirishani kwangu karibu saa nzima nikiwatazama mafundi wawili waliopiga magoti juu ya mito ya mpira, mmoja akivipokea vitofali kutoka kwenye toroli, mwingine akivigonga mahali pake kwa nyundo bila hata kutazama mkono wake. Jioni ile bomba lilikuwa jipya na mtaa haukuwa na kovu. Nyumbani, lami ikishakatwa ili kupitisha bomba, mara nyingi kovu lile hujazwa udongo, udongo ukazama, na mvua ya kwanza ikapata mlango.

Ndiyo maana nilifurahi sana nilipoziona barabara za mawe za Mwanza, zile zinazopanda milimani kwa mawe yaliyochongwa hukohuko. Ni barabara inayotengenezeka kwa nyundo na mikono, malighafi yake ipo mlangoni, na mteremko mkali ambao ungeichana lami nyepesi kwa mvua za misimu miwili haulitikisi jiwe. Nasikia watu wakizidharau kwamba ni barabara za kimaskini, nami nawaomba waje waone mitaa ya nchi hii tajiri.

Mwaka 2019, katika ripoti ya ushindani ya Jukwaa la Uchumi la Dunia, Uholanzi ilishika nafasi ya pili duniani kwa ubora wa barabara, nyuma ya Singapore. Ni vyema kukumbuka kwamba kipimo kile kilitokana na maoni ya viongozi wa makampuni, wala hakuna aliyezunguka na kifaa cha kupimia mashimo. Hata hivyo dereva yeyote wa huku hatakipinga. Ninapovuka mpaka kutoka Eindhoven kuelekea Antwerp, najua nimeingia Ubelgiji kabla sijakisoma kibao, kwa sauti ya viungo vya zege na viraka chini ya tairi. Uingereza, ambayo si nchi maskini, wananchi wake hawaachi kulalamikia mashimo. Ujerumani, yenye sifa ya barabara za mwendo kasi, ililazimika mnamo Desemba 2021 kulifunga daraja la Rahmede katika barabara kuu ya A45, karibu na Lüdenscheid, kwa sababu daraja hilo lililojengwa miaka ya 1960 lilikuwa limechoshwa na malori. Mwezi Mei 2023 lilibomolewa kwa baruti. Kwa muda wote huo malori yalielekezwa kupita ndani ya mji, na wakazi waliumia kwa kelele na foleni. Mataifa hayo yana fedha na yana wahandisi wa kutosha, lakini yalipochelewesha matengenezo, barabara zilidai deni lake.

Sasa nirudi nyumbani, maana ndiko ninakokujali.

Nilipokuwa mtoto, safari ya kutoka Handeni kwenda Korogwe wakati wa masika haikuwa na saa ya kufika. Basi lilikwama, abiria walishuka, utingo akakata matawi ya kutandika chini ya matairi. Leo njia hiyo ni lami, na sitasahau furaha niliyoipata siku niliyopita hapo bila kushika kiti cha mbele. Kwa hiyo sidharau kilichofanyika. Tanzania ina eneo la kilomita za mraba takriban 945,000, yaani zaidi ya mara 20 ya Uholanzi, na anayetaka tulingane na Uholanzi kwa kila kilomita hajaipima nchi yake. Wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, peke yake una mtandao wa zaidi ya kilomita 100,000, na sehemu kubwa mno ya mtandao huo bado ni udongo na changarawe.

Ninacholalamikia ni namna tunavyoiacha lami ife baada ya kuipokea kwa ngoma. Kijijini kwetu iliwekwa lami nyepesi, ile inayomwagwa lami ya moto kisha ikanyunyiziwa kokoto ndogo na kushindiliwa. Unene wake wote hauzidi sana kidole. Si kitu kibaya. Kwa magari machache inatosha, mradi maji yasiifikie kwa chini. Machi iliyopita nilikuta mtaro wa upande wa juu umejaa mabua ya mahindi, chupa za plastiki na udongo ulioporomoka kutoka mashambani, na mahali pengine mwenye duka ameufukia kabisa ili wateja wavuke. Maji yaliyokosa njia yalikuwa yanakatiza juu ya barabara, na kingo za lami zilikuwa zimeliwa hata magari mawili hayakuweza kupishana bila moja kushuka pembeni mwa lami. Hapo ndipo nilipoingia shimo lililofunikwa na maji na kuvunja springi ya gari la mjomba, nikiwa na shangazi yangu mgonjwa kiti cha nyuma. Alilia kwa maumivu, nami sikuwa na la kumwambia.

Shimo halianzi kwa ukubwa ule. Jua huikausha lami hadi ikawa ngumu na kupasuka ufa mwembamba kama uzi. Maji huingia katika ufa, huulainisha msingi wa kifusi, na kila gurudumu linapopita hulikandamiza tope na kulisukuma nje, hadi chini kunabaki uwazi na juu kunabaki ganda. Ganda likivunjika ndipo tunasema barabara imeharibika, ilhali iliharibika miezi mingi kabla. Ufa ungezibwa kwa ndoo ya lami. Shimo linadai kifusi, mashine na mkandarasi. Wanaobaki kulishughulikia ni watoto, wanaojaza udongo kwa majembe na kunyoosha mikono kwa madereva wapate sarafu. Nimewapa kila nilipopita, na kila mara nimeona uchungu, kwa kuwa udongo ule ungekaa masaa machache tu, na wao walistahili kuwa darasani.

Zipo barabara zinazouawa kwa uzito, na hapo malori ya barabara kuu ya kwenda Tunduma yana lao la kujibu. Jaribio kubwa lililofanywa Ottawa, katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 lilionyesha kwamba madhara ya ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu, hukua kwa kasi ya kutisha kuliko uzito wenyewe: ukizidisha mzigo wa ekseli kwa asilimia 20, barabara huumia takriban mara mbili. Ndiyo maana sina huruma na wanaokwepa mizani. Wala tusidhani kwamba Wazungu wanabeba mizigo midogo. Uholanzi huruhusu lori la tani 50, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56.

Lakini katika barabara za wilaya, ambako lori la mizigo mizito hupita kwa nadra, mwuaji ni maji. Hata barabara kuu hazikusalimika: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi sehemu kadhaa, na wasafiri wa kusini wakakaa siku nyingi njiani. Chombo cha serikali ya Uholanzi kinachosimamia barabara kuu kiliundwa mwaka 1798, na ndicho hichohicho kinachosimamia mito mikubwa na ulinzi dhidi ya bahari. Mhandisi wa barabara na mhandisi wa maji wanakula meza moja. Kwetu, shamba lililo juu ya barabara ni la mtu mmoja, mtaro ni wa mwingine, kalavati linalopitisha maji chini ya barabara halina mwenyewe.

Wapo watakaosema fedha hazipo. Fedha za barabara tunazilipa sote kila tunapojaza mafuta, naye mwenye bodaboda hulipa sawa na mwenye gari kwa kila lita; tangu ada ya mwaka ya leseni ya gari ifutwe mwaka 2017, mzigo umeegemea zaidi kwenye pampu. Ombi langu ni kwamba katika kila mkataba wa ujenzi, na katika kila mkutano wa kijiji ambapo lami inaahidiwa, swali la kwanza liwe nani atazibua mitaro, kwa fedha ipi, na mwezi gani kabla ya masika.

Siku mbili kabla sijaondoka, mimi, mjomba na vijana watatu wa jirani tulikwenda na majembe kwenye kalavati lililo karibu na lile shimo. Mchanga ulikuwa umelijaza hadi ukabaki uwazi wa kupitisha mkono tu. Tulichimba tangu asubuhi hadi adhuhuri, tukatoa mchanga, mizizi na gunia zima la mifuko ya plastiki. Usiku wa kuamkia safari yangu mvua ilinyesha. Mjomba alitoka na tochi kwenda kutazama, akarudi amelowa mpaka magotini, akaniambia, "Mwanangu, yanapita chini." Kalavati la pili, lililo mbele ya shule, hatukulifikia, nalo bado limeziba.