Diski Iliyojaa na Diski Inayokufa Si Ugonjwa Mmoja

Mashine ikianza kuwa nzito, ushauri wa kwanza utakaousikia hapa Mombasa ni "fomati tu". Mara nyingi ni ushauri mbaya. Diski iliyojaa hufutiwa vitu. Diski inayokufa hunakiliwa haraka, kisha haiguswi tena. Ukizichanganya, utafuta picha za harusi bure, au utaimaliza diski ambayo ingali na uwezo wa kutoa data.

Kwa hiyo kabla ya kufuta faili hata moja, isome diski yenyewe. CrystalDiskInfo ni programu ya bure inayoonyesha kumbukumbu ambazo kila diski hujiwekea. Kwanza ingia kwenye mipangilio yake uigeuze namba ziwe za kawaida, kwa sababu huja na hesabu za kompyuta, ambapo 64 maana yake ni 100. Watu wengi hutishika au hutulia kwa kusoma namba isiyo yao.

Kwa diski ya kuzunguka (HDD), mstari wa 05 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski vinavyobeba data, zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu, na C5 ni zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inazisubiria. Zote zinatakiwa ziwe sifuri. 05 ikiwa ndogo na haipandi, unaweza kuendelea nayo mradi una nakala kwingine. C5 ikizidi kupanda, usifomati wala usiendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski. Amri hiyo huisoma diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na kichwa cha kusomea kilichochoka huweza kufia njiani. Anza kunakili vile usivyoweza kuvipata tena, yaani picha, hesabu za duka na kazi za wateja, filamu zitasubiri. C7 ikipanda peke yake, usikimbilie kununua diski: hayo ni makosa ya njiani kati ya diski na ubao mama, na kwa kawaida hutatuliwa na kebo mpya ya SATA.

Pwani hii kuna ugonjwa mwingine ambao programu haiusemi waziwazi. Hewa ya chumvi na unyevu hula vyuma vya kugusana. Chini ya ubao wa diski ya inchi 3.5 mna vidoti vinavyoegemea springi za mota na za vichwa. Vikishageuka vyeusi, diski hupotea na kurudi, leo inaonekana, kesho haipo. Zima, chomoa, fungua skrubu za nyota, inua ubao, sugua vidoti polepole kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa spiriti, uache ukauke kabisa kabla ya kuurudisha. Kifuniko cha juu usikifungue kamwe. Na fundi akikwambia atakuwekea ubao wa diski nyingine ya modeli ileile, muulize atafanyaje na chipu ndogo yenye vipimo vya diski yako peke yake. Asipokuwa na jibu, chukua diski yako uende.

Vilevile diski ya nje ikitoka kwenye ofisi ya kiyoyozi na kuingia kwenye joto la kaskazi, hutoka jasho. Iache nusu saa au zaidi ndipo uichomeke.

Halafu kuna stima. Ikikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, sekta hubaki nusu nusu na huweza kujitokeza kama C5 bila diski kuwa mbovu. SSD, yaani diski zisizozunguka, zile za bei rahisi hupata dhara kubwa zaidi: ramani yao ya ndani ikivurugika, mashine haizioni tena kabisa. Laptopu yenye betri iliyokufa haina tofauti na kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba ya nje). Kwa maoni yetu, pesa ya kuongeza nafasi ingeanzia kwenye betri au UPS.

Ama hofu ya kwamba SSD "itaisha" kwa kuandikwa, hiyo iacheni. Samsung 870 EVO ya GB 500 imepewa kikomo cha terabaiti 300 za kuandikwa. Ukiiandika GB 40 kila siku utachukua miaka 20 kufika. Ila usiijaze hadi ukingoni, acha asilimia 15 hivi, na usiipange upya (defrag) kama diski ya kuzunguka.

Nafasi yenyewe sasa. Diski ya GB 256 kusomeka 238 si wizi: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024. Pakua programu ya WizTree uone nini kimekula nafasi, badala ya kubahatisha. Kwenye studio za video mkosaji wa kawaida ni akiba ya muda (cache) ya Premiere Pro, iliyojificha ndani ya folda ya AppData. Ifute kupitia mipangilio ya programu yenyewe. Kwenye Disk Cleanup, kisafishio cha Windows chenyewe, bonyeza "Clean up system files", lakini hakikisha kisanduku cha Downloads, kikiwepo, hakina alama. Amri ya powercfg /h off huondoa faili ya hibernation, inayohifadhi kazi zako mashine ikilala, ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 40 ya RAM, karibu GB 3.2 kwenye mashine ya GB 8. Kwenye laptopu yenye betri nzima tungeiacha: chaji ikiisha, hiyo faili ndiyo inayookoa kazi uliyoiacha wazi.

Ukiamua kununua diski ya nje, ile ya terabaiti 16 yenye bei ya fleshi ni bandia. Hata isiyotia shaka, iendeshee H2testw, programu ya kupima inayoijaza yote kisha kuisoma tena. Itachukua saa nyingi, kwa hiyo ianze mapema ungali na risiti na duka linakubali kurudishiwa.