Bwawa la Kidunda na mpunga wa Bagamoyo: maji ya mwezi gani?

Mwishoni mwa 2021 mto Ruvu ulipungua mpaka Dar es Salaam ikapewa maji kwa mgao. Tangu hapo, linapotajwa Bwawa la Kidunda linalojengwa mkoani Morogoro kwenye mto huohuo, zinatajwa mita za ujazo milioni 190 litakazohifadhi. Ni nyingi kweli. Ila sisi wa Bagamoyo, tunaokaa mto unakoishia, lazima tuulize: mpunga una fungu gani humo?

Tupige hesabu. Mtambo wa Ruvu Chini, unaosafisha maji ya jiji na ulio wilayani kwetu, una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku. Ruvu Juu, pale Mlandizi, lita milioni 196. Kwa pamoja ni mita za ujazo 466,000 kila siku. Bwawa likijaa, na tuseme hakuna tone linaloingia wala kupotea, lingetosha mitambo hiyo kwa siku zipatazo 400. Sasa ingiza mpunga. Majaruba ya kujaza maji hukadiriwa lita moja hivi kwa sekunde kwa kila hekta, sawa na mita za ujazo 86 kwa siku. Hekta 1,000 zinafikia 86,000, karibu moja ya tano ya maji ya mitambo yote miwili. Zikiwa hekta 5,000, shamba linakaribia kunywa sawa na jiji.

Kwa hiyo anayesema mkulima asubiri jiji lipate maji kwanza hasemi kwa chuki. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imetanguliza maji ya nyumbani, kisha ya mazingira, ndipo shughuli za uchumi zifuate. Na mazingira si neno la semina tu: maji baridi yakipungua mtoni, chumvi ya bahari hupanda, na anayelima karibu na mlango wa mto ndiye wa kwanza kuionja.

Hata hivyo hesabu ile ina kasoro kubwa, nayo ndiyo inayonisumbua. Imechukulia kwamba kila siku ya mwaka inafanana na nyingine. Mpunga wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, sehemu ya maji yake hushuka kutoka mbinguni, na wakati huo Ruvu humwaga baharini maji ambayo hakuna anayeyagombea. Ugomvi uko kiangazi, na zaidi vuli inapochelewa. Wastani wa mwaka huficha miezi hiyo. Mtaalamu wa umwagiliaji hutafuta kiasi kinachopatikana angalau miaka minne kati ya mitano, tena mwezi kwa mwezi. Maji ya kunywa hudai uhakika zaidi ya huo.

Jambo jingine: maji ya Kidunda yatateremka ndani ya mto wenyewe hadi kwenye mitambo, si ndani ya bomba. Mwenye pampu ukingoni atayaona yakipita. Ukimnyima fungu kwenye makaratasi atavuta usiku, na hayo hayatapimwa na yeyote. Afadhali apewe kibali chenye kiasi na miezi, afungiwe mita, akizidisha aulizwe.

Mimi naunga mkono skimu ya kumwagilia mpunga hapa Bagamoyo, lakini ukubwa wake uamuliwe na maji ya Oktoba, usiamuliwe na ardhi iliyopo. Mpunga uwe mmoja, wa masika, kwa kilimo shadidi, ambapo jaruba huachwa likauke kidogo kabla ya kutiwa maji tena. Kiangazi ipandwe bamia, nyanya na matikiti kwa umwagiliaji wa matone. Mifereji isakafiwe, maana ya udongo hunywa maji mengi kabla hayajafika shambani.

Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu ndiyo inayotoa vibali. Kabla ya kibali kipya cha skimu, itubandikie kwenye ofisi za vijiji jedwali la miezi 12: mto una kiasi gani, jiji linachukua kiasi gani, kinachoachiwa bahari ni kiasi gani, na kinachobaki kinatosha hekta ngapi.