Mmakonde Asiyejua Kuchonga

Mimi ni Mmakonde, na sijui kuchonga. Naliweka jambo hili wazi mapema kwa sababu nimekwisha kupoteza muda mwingi katika jiji hili la Dar es Salaam nikilikiri mbele ya watu walioamua kwamba nawaficha. Mtu akilisikia kabila langu, macho yake hushuka moja kwa moja hadi mikononi mwangu, kisha huniuliza kama nina kinyago cha mpingo cha bei nafuu, au kama naweza kumtengenezea mguu wa kitanda uliovunjika. Nikimjibu kwamba kazi niliyoijua maishani ni kuhudumia mitambo ya kufumia nguo, hunitazama kwa huruma, kama aliyekutana na Mmasai anayeogopa ng'ombe.

Nilizaliwa Msumbiji, katika nyanda za juu za Mueda, mwaka 1959. Vita vya kumwondoa Mreno vilipoanza Septemba 1964, haikupita muda mrefu mama akanivusha Mto Ruvuma usiku, ndani ya mtumbwi ambao bila shaka ulichongwa na Mmakonde mwingine. Tulikaa upande wa Newala hadi nilipopata ndevu, na mwaka 1978 nikafika Dar es Salaam na kuajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo ambacho sitakitaja, kwa kuwa nakidai masikio yangu mawili na sitaki kesi.

Asiyewahi kuingia katika ukumbi wa kufumia asiniambie kwamba jirani yake ana muziki wa kelele. Katika kila mtambo kulikuwa na kipande cha mti chenye ncha za chuma, kilichobeba uzi wa mshindio, yaani ule unaopita kwa upana wa kitambaa, ambacho kilipigwa kutoka upande mmoja wa mtande, yaani zile nyuzi za urefu, hadi wa pili zaidi ya mara 150 kwa dakika, na kila kilipofika upande wa pili kiligonga kama mwenye nyumba anayemgongea mlango mdeni wake. Zidisha kishindo hicho kwa mitambo iliyojaa ukumbi mzima. Juu ya hayo, hewa ililoweshwa kwa makusudi, kwa sababu uzi wa pamba ukikauka hukatika ovyo, kwa hiyo tulifanya kazi katika mvuke na vumbi la pamba kwa pamoja, na zamu ilipokwisha tulitoka tukiwa na nywele nyeupe, vijana wa miaka 20 tunaoamkiwa shikamoo na watu wazima.

Humo ndani hatukuzungumza bali tulisomana midomo, na jambo la siri lilimlazimu mtu aweke mdomo sikioni mwa mwenzake na kupiga ukelele. Siku moja mwenzangu alikuwa akinieleza kwa njia hiyo kwamba anakwenda kumwomba msimamizi wa zamu ruhusa ya kumzika shangazi yake, na mara umeme ukakatika. Mitambo yote ilinyamaza kwa pamoja, naye hakuwahi kujizuia, na ukumbi mzima ukamsikia akimalizia: "Huyu ni wa tatu, na bado ninao wawili wa kumalizia mwaka!" Msimamizi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Alimpa mkono, akamwambia pole kwa msiba, kisha akamwomba awasalimie hao wawili waliobaki.

Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikaingia kwa marobota, na mitambo yetu ilikuwa imekwisha kuchoka kwa kukosa vipuri na umeme. Miaka ya 1990 tuliambiwa twende nyumbani tukasubiri barua. Bado naisubiri, ingawa nakubali kwamba huenda mleta barua alibisha hodi na mimi sikusikia.

Kwa maana masikio yalibaki kule. Leo hii nazungumza na watu kwa kuitazama midomo yao, na jiji hili limejaa watu wanaozungumza huku wameangalia pembeni. Kondakta wa daladala hutaja vituo akiwa amening'inia mlangoni na kunipa kisogo, kwa hiyo mimi hushuka mahali ambapo watu wengi wanashuka, na mara nyingine hugundua kwamba wote walikuwa wakienda msibani. Kuna ofisi moja niliyokwenda kufuatilia kitambulisho, ambako binti wa dirishani aliniuliza kuhusu uraia wangu, nami midomo yake niliisoma kuwa ananiuliza uhai, nikamjibu kwamba bado ninao, namshukuru Mungu, ila miguu inasumbua. Aliandika kitu kirefu kwenye karatasi na kunielekeza dirisha jingine, ambako nilikaa hadi saa tisa alasiri. Zamani kitambaa kizima cha pamba kiliingia Zanzibar kwa meli kutoka Salem, Marekani, watu wakakivaa na kukiita amerikani, wala hakuna aliyekiuliza babu yake alizikwa wapi.

Kiwanda kilichukua masikio, lakini vidole hakikuviweza. Nikishika kitambaa najua kama mtande umebana, kama mshindio umepunguzwa ili mtu aongeze faida, na kama wanga umejazwa ili kionekane kizito dukani kisha kifuliwe mara moja na kugeuka chandarua. Ujuzi huu haunipi hata shilingi moja, na fedheha zake hazihesabiki. Arusini nilikaa nyuma ya mama mmoja, upindo wa kitenge chake ukaniangukia gotini, vidole vikaushika vyenyewe kabla sijavipa ruhusa. Nikamwinamia na kumweleza, kwa sauti ya chini, kwamba mshindio umelegea sana. Sauti yangu ya chini, kwa bahati mbaya, ni ile ya ukumbi wa kufumia. Mume wake aliyekuwa meza ya pili alisikia neno "umelegea" peke yake, na ilibidi wazee wanne wa kamati waingilie kati kabla ya keki kukatwa.

Kariakoo ndiyo kabisa siendi tena. Muuzaji alinishikisha doti ya kanga akiapa kwamba ni pamba tupu, nikachomoa uzi mmoja pembeni na kuuwasha kwa kiberiti, kwa kuwa pamba huungua ikawa majivu yenye harufu ya karatasi, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga. Ulipoganda, nilimwonyesha hiyo shanga kwa heshima zote. Hakuitazama shanga. Alikitazama kiberiti, kisha akatazama marobota ya nguo yaliyotuzunguka, kisha akawaita vijana wa mtaani.

Sasa mwezi uliopita mchi wa mke wangu ulivunjika. Yeye ni Mzaramo, nasi tumeoana miaka 38, lakini alinitazama kama mtu aliyekuwa na benki ndani ya nyumba bila kujua, akasema, "Kwani wewe si Mmakonde?" Nilichukua tezo la jirani na tawi la mwembe, nikajifungia uani na kazi hiyo siku nne. Mti ule ulikuwa na kifundo katikati ambacho nilikikwepa kulia, kisha nikakikwepa kushoto, na kilichotoka kilikuwa na kiuno, nundu mbili na kitu kama sikio. Nilimweleza mama watoto kwamba hata Samaki Likankoa, mtu wa kwetu aliyeanzisha mtindo wa vinyago vya shetani, husimuliwa kwamba alianza baada ya sanamu yake kuvunjika mkono. Akasema Likankoa hakutarajiwa kutwanga kisamvu.

Mchi ulipewa kazi ya kuzuia mlango usijifunge. Hapo ndipo mfanyabiashara mmoja wa vinyago wa Mwenge, aliyekuja kumdai mpangaji mwenzetu, alipojikwaa juu yake, akauinua, akauzungusha mara mbili kwenye mwanga na kutaja bei. Nilidhani nimeisoma vibaya midomo yake, nikamwomba arudie. Akarudia, akapandisha. Nikafungua kinywa ili nimweleze kwa uaminifu kwamba ule ni mchi na kwamba mimi sijui kuchonga, lakini mke wangu alikwisha kusimama nyuma yake, na midomo yake niliisoma bila shida yoyote: "Uza, nikanunue mchi."