Je, Mto Kongo ndio uliowatenga bonobo na sokwe?

Katika ramani za mtawanyiko wa wanyama wa Afrika ya Kati, hakuna mstari unaosomeka kwa urahisi kama Mto Kongo. Sokwe wanaishi kaskazini na mashariki ya mto huo, nao bonobo, ambao ni ndugu zao wa karibu kuliko mnyama mwingine yeyote, wako upande wa kusini pekee, ndani ya lile tao kubwa ambalo mto unalizunguka kabla ya kuteremka kuelekea Kinshasa. Hakuna mahali popote porini ambapo spishi hizo mbili zinakutana. Kwa kuwa wanyama hawa hawaogelei, na kwa kuwa mto una upana wa kilomita kadhaa katika sehemu nyingi chini ya Kisangani, ni rahisi kuhitimisha kwamba maji yaliigawa jamii moja, na kila upande ukabadilika kivyake.

Wazo hilo lina historia ndefu. Mwaka 1852, Alfred Russel Wallace, mwanasayansi Mwingereza wa viumbe, alieleza kwamba mito mikubwa ya Amazon ndiyo inayoweka mipaka ya spishi nyingi za kima wa huko. Bonde la Kongo nalo linatoa ushahidi wa kumuunga mkono: hata lesula, kima ambaye wanasayansi walimtambua rasmi mwaka 2012, alielezwa kutoka katika misitu iliyo kati ya mito Lomami na Tshuapa, ambayo ni midogo sana ikilinganishwa na Kongo yenyewe.

Tatizo liko kwenye umri. Mashapo yaliyorundikana chini ya bahari nje ya mlango wa mto yanaashiria kwamba mto mkubwa umekuwa ukimwaga maji hapo kwa takriban miaka milioni 34, ilhali jeni zinaonyesha kuwa bonobo na sokwe waliachana kati ya miaka milioni moja na milioni mbili hivi iliyopita. Mto uliokuwepo kabla ya wanyama wenyewe hauwezi kuwa ndio uliokuja kuwagawa. Kwa hoja hiyo, watafiti wa Kijapani walipendekeza mwaka 2015 kwamba mababu wa bonobo walivuka wenyewe, katika kipindi cha ukame ambapo maji yalipungua na baadhi ya sehemu zikapitika, kisha mto ulipojaa tena wakabaki huko ng'ambo. Naona maelezo haya yana nguvu kuliko yale ya kwanza, ingawa hayajathibitishwa na mfupa wowote: udongo wa msitu wa mvua una tindikali, na mabaki ya kale ya wanyama hawa ni adimu mno.

Jeni zimeleta utata mwingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulibaini kwamba sokwe wa Afrika ya Kati na ya Mashariki wamebeba sehemu ndogo, isiyofika asilimia moja, ya urithi uliotoka kwa bonobo, na kwamba waliupata kati ya miaka 550,000 na 200,000 iliyopita. Maana yake ni kwamba mpaka ulivukwa tena hata baada ya spishi mbili kuwa tayari zimeachana. Okapi na tausi wa Kongo, kwa upande wao, wanapatikana pande zote mbili za mto, na chui vilevile. Mstari mmoja kwenye ramani, basi, una uzito tofauti kwa kila mnyama, jambo ambalo wachoraji wa ramani za kanda za wanyama husahau mara nyingi.

Hata hivyo, nisingependa kuupuuza mto, kwa sababu ya gorila. Hawapo kabisa katika eneo la bonobo, na Richard Wrangham, mtafiti wa sokwe, anadhani kwamba ukame wa kale uliua mimea laini ya ardhini waliyoitegemea upande wa kusini, nao hawakuweza kurejea misitu ilipostawi upya. Kwa dhana hiyo, bonobo walibaki na chakula ambacho kwingineko sokwe wanagombania na gorila, wakaweza kutembea katika makundi makubwa zaidi, na majike wakapata nafasi ya kujenga ule umoja unaowadhibiti madume. Dhana hii haijakubaliwa na wote, lakini inaonyesha kazi halisi ya mto: kuwazuia washindani wasirudi, muda mrefu baada ya sababu ya kwanza ya utengano kupita.

Kwa uhifadhi, tofauti kati ya maelezo haya mawili ina uzito. Bonobo wote wa porini wamo ndani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakiwa wamezungukwa na mto kaskazini na savana kusini. Ikiwa waliwahi kunusurika kwa kuhama hali ya hewa ilipobadilika, njia hiyo sasa imefungwa, na misitu iliyomo ndani ya tao, kama ile ya Hifadhi ya Taifa ya Salonga iliyoanzishwa mwaka 1970, haina mbadala ng'ambo.