Shangazi Namuuza Jumapili

Mimi ni mtu wa Lamu, na mtu wa Lamu anamjua punda. Punda ndiye lori letu, ndiye teksi yetu, na wakati wa Maulidi ndiye bingwa wetu, maana hushindanishwa mbele ya umati na kijana aliyempanda mshindi akatamba mtaani mwaka mzima. Farasi tulimsikia kwenye hadithi tu. Kwa hiyo sijui ni shetani gani aliyeniingia baada ya kuhamia Mombasa, mtu mzima, nina mke na deni la stima, nikapakua kwenye simu gemu ya kuzalisha farasi wa mbio.

Gemu inakupa shamba, zizi, dume mmoja na vijisenti vya kuanzia. Dume unampandisha kwa jike, jike anazaa, kitoto unakilea, unakilisha, unakifundisha kwenda shoti, kisha unakipeleka uwanjani kushindana na farasi wa watu usiowajua. Akichoka mbio anarudi shambani, naye azae. Wajapani ndio waliotangulia katika maradhi haya. Derby Stallion ilitoka kwao 1991, na wachezaji wake wana hesabu wanayoiita damu ya muujiza: asilimia 18.75. Yaani mhenga mmoja aonekane mara mbili kwenye nasaba ya kitoto, kizazi cha tatu mara moja, hiyo ni 12.5, na kizazi cha nne mara moja, hiyo ni 6.25. Rafiki yangu aliyeniambukiza gemu alinieleza haya kwa sauti ya mtu anayefichua siri ya dola. Nilicheka. Pwani tumeijua hesabu hiyo kabla ya kompyuta: binamu nyama ya hamu.

Shida ilikuwa kukumbuka nani ni nani wa nani, maana karibu zizi langu zima lilitokana na dume mmoja. Nikaona njia nyepesi ni kuwaita farasi kwa ujamaa wao. Dume la kwanza nikamwita Babu. Binti yake, Shangazi. Mwanawe, Ami. Jike niliyemnunua nje, Halati. Mjukuu mkorofi aliyekuwa akiwapiga wenzake mateke, Kaka. Farasi wa mbio wa kweli jina lake halipiti herufi 18, pamoja na nafasi. Wangu hata nusu hawakufika. Nilijiona nina akili sana.

Sasa huyu Shangazi, namzungumzia farasi, alikuwa na tabia moja. Geti likifunguka anatoka kama mshale. Mita 800 za kwanza hakuna wa kumwona mkia. Zikifika 1,200 anaanza kutazama pembeni kama aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, na tukifika mwisho tunapishana na farasi wanaorudi.

Na Shangazi wa kweli, dada mkubwa wa marehemu baba, ndiye anayeushika ukoo wetu. Akikohoa Lamu, watu wanakaa sawasawa hadi Muscat. Jumamosi ya wiki hiyo alikuwa na safari ya kuja Mombasa kumwonyesha daktari goti lake, na ilikuwa imeshapangwa afikie kwangu, akae wiki mbili. Siku nzima grupu la ukoo kwenye WhatsApp lilikuwa likijadili nani atampokea stendi. Kwenye simu yangu grupu hilo lilikuwa limekaa juu kabisa. Chini yake kidogo, rafiki yangu wa farasi.

Usiku huo Shangazi akawa wa mwisho kwa mara ya tano mfululizo. Nikaandika kwa hasira, bila kutazama juu:

"Shangazi kaniaibisha tena. Miguu imekwisha. Anakula bure tu hapa. Jumapili nampa nafasi ya mwisho, akishindwa namuuza, kuna mtu ashanipa 4,000."

Halafu, kwa kuwa mawazo mazuri huja kwa jozi:

"Au nimuoze Ami? Damu moja, lakini huenda watoto wakawa na mbio."

Bando likaisha. Nikalala usingizi wa mtu asiye na dhambi.

Asubuhi mke wangu aliniamsha kwa kunishikisha simu yake, kimya, kama anayekabidhi maiti. Yangu, nilipoitia bando, ilitetemeka mpaka ikaanguka kitandani. Simu zisizopokelewa, 47. Muscat. Toronto. Mpaka binamu tuliyekuwa hatusemezani tangu mirathi. Grupuni ujumbe ulikuwa mia mbili na kitu, na wa kwanza niliouona ulitoka kwa Ami, Ami mwenyewe, imamu mstaafu: "Astaghfirullah. Mimi na dada yangu?"

Nikakimbilia kufuta. Simu ikaniuliza nifute kwa wote au nifute kwangu tu. Kidole kilikuwa kimelowa jasho. Nikafuta kwangu tu.

Kwa hiyo watu wote waliendelea kuyasoma maneno yangu isipokuwa mimi. Kila walipoyanukuu ndipo nilipokumbushwa. "Eti 4,000!" aliandika dada yangu. "Hata mbuzi hapatikani." Sikujua kama amekasirikia kuuzwa au bei.

Shangazi alikuwa ametuma ujumbe wa sauti wa sekunde mbili. Sekunde ya kwanza ilikuwa pumzi. Ya pili: "Haya."

Hakusubiri Jumamosi. Alivuka Mokowe siku hiyo hiyo, akapanda basi, na magharibi akashuka mlangoni kwangu na fimbo yake, kikapu cha maembe na mjomba wangu kama shahidi. Maembe hakuyatoa kikapuni. Akakaa, akasema, "Nimekuja nijionee huyo mnunuzi."

Nikaanza kueleza. Sijui kama umewahi kumweleza bibi wa miaka sabini na kitu kwamba yeye ni farasi. Kila sentensi iliyotoka ilikuwa mbaya kuliko ya kabla yake. "Si wewe, Shangazi, ni Shangazi mwingine, wa kwenye simu, ambaye pia nampenda, ila hana pumzi." Mke wangu akaenda jikoni kuchemsha chai ambayo ilikuwa imeshachemka.

Aliyeniokoa ni mjomba. Ujanani alikuwa saisi, mtunza farasi, uwanja wa mbio wa Ngong kule Nairobi, na neno nasaba lilipotajwa alivaa miwani. Akaichukua simu.

"Mimba ya farasi ni miezi kumi na mmoja," akasema. "Huyu alibebwa muda gani?"

"Dakika arobaini, Mjomba. Ukilipia almasi, papo hapo."

Aliniangalia kwa masikitiko. "Na umri?"

Nikamwambia wote huongezeka mwaka mmoja tarehe 1 Januari, kama farasi wa mbio wa Ulaya na Marekani. Hapo Shangazi alisogea kidogo. Kitambulisho chake kimeandikwa 1 Januari, kama cha wazee wetu wengi ambao siku waliyozaliwa karani aliikisia. "Angalau hapo kasema kweli," akanong'ona.

Mjomba akatoka nje ya mada. Akatusimulia Secretariat, farasi wa Marekani ambaye mwaka 1973 alishinda Belmont Stakes kwa kumwacha wa pili urefu wa farasi 31, maili moja na nusu kwa dakika mbili na sekunde 24, na katika mbio hizo, kwa umbali huo, hakuna aliyeivunja rekodi hiyo mpaka leo. Aliposema 31 alinyanyua mikono juu. Hata mke wangu alitoka jikoni. Kisha akarudi kwenye simu na kunihukumu: Babu alikuwa wa mbio fupi, na mabinti zake wa mbio fupi, mimi nilikuwa nikimtia Shangazi mita 2,400. "Farasi hana kosa. Mjinga ni wewe."

Shangazi akanyoosha mkono, akapewa simu. Akamtazama yule farasi wa kijivu kwa muda mrefu.

"Ndiye mimi huyu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Mbona hajachanwa manyoya?"

Faini niliyopigwa: kilo mbili za halwa, teksi ya kwenda na kurudi kwa daktari, na kuomba radhi grupuni kwa sauti, si kwa maandishi. Biashara ya Jumapili ikavunjwa. Badala yake Jumapili tulikaa watatu kwenye kochi, Shangazi akakimbia mita 1,200, akaongoza tangu geti hadi mwisho, na Shangazi akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Kaka yangu wa Muscat alinipigia faragha. "Na mimi nimo?" Nikamwambia umo. "Naendaje?" Nikamwambia umetulia sana siku hizi. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba mwezi uliopita nilimhasi.

Goti sasa ni zima, Shangazi karudi Lamu. Jana, saa tano za usiku, simu ikalia.

"Mbona nimewekwa zizini siku tatu?"