Buti za Kuwindia Zichaguliwe kwa Ajili ya Mguu Uliosimama

Mtu anayenunua buti za kuwindia au za kulengea shabaha nje huzijaribu kwa kutembea. Huzivaa, huzunguka hatua chache, hukunja vidole, kisha huamua. Naona jaribio hilo hupima sehemu ya siku isiyo na tabu. Anayetembea hupata joto kutoka kwenye misuli yake mwenyewe, na hata kiatu cha wastani humtosha. Tabu huanza anapofika mahali pake pa kuvizia na kusimama kwa muda mrefu bila kusogea, juu ya ardhi iliyolowa, huku jasho alilotoka njiani likianza kupoa ndani ya soksi. Ndiyo maana nashikilia kwamba buti ya siku kama hiyo ichaguliwe kwa kuufikiria mguu uliosimama, na kwamba mambo mengine yote, pamoja na unene wa bitana, yaani tabaka la ndani la kuhifadhi joto, unaotangazwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, yafuate baadaye.

Mwili ukihisi baridi, mishipa midogo ya damu ya miguuni na mikononi hujibana ili joto libaki kifuani na tumboni, kwenye viungo ambavyo uhai unavitegemea zaidi. Vidole vya miguu, vilivyo mbali na moyo na visivyo na misuli mikubwa ya kuzalisha joto, ndivyo vinavyolipia uamuzi huo. Ukiongeza unyevu, hali huwa mbaya maradufu, kwa sababu maji huondoa joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Wala haihitajiki barafu ili mguu udhurike: katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, maelfu ya askari waliokaa mahandakini waliugua miguu kwa kusimama kwenye matope na maji baridi ambayo hayakuwa yameganda, na jeshi la Uingereza lililazimika kuwaamuru wabadili soksi mara kwa mara na kujipaka mafuta ya nyangumi. Mwindaji hakai nje muda mrefu kiasi hicho, lakini kanuni inayoutesa mguu wake ni ileile.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni nafasi, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Kinachohifadhi joto ndani ya buti ni hewa tulivu iliyonaswa kati ya nyuzi za soksi na bitana. Buti ikibana, hewa hiyo hukamuliwa na damu huzuiwa kufika vidoleni. Mtu anayehisi baridi, akaongeza soksi ya pili ndani ya buti iliyokuwa inamtosha sawasawa, hujiongezea baridi badala ya kuipunguza. Ushauri wangu ni kwenda dukani na soksi zilezile nene za sufu utakazovaa siku ya kuwinda, tena alasiri, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Ukishafunga kamba, simama tu. Simama robo saa, uzito ukiwa kwenye miguu yote miwili, kisha inama mbele kidogo kama anayelenga. Vidole viweze kunyanyuka na kucheza bila kugusa ncha ya buti, ilhali kisigino kibaki mahali pake. Muuzaji asiye na subira na jaribio hilo hafai kukuuzia kitu utakachokaa nacho kutwa nzima.

Kuhusu maji, historia inatupa mfano mzuri. Mwaka 1911, Leon Leonwood Bean, mwindaji wa jimbo la Maine nchini Marekani aliyechoshwa na kurudi nyumbani na miguu iliyolowa, alimwomba fundi ashone sehemu ya juu ya ngozi kwenye kiatu cha chini cha mpira. Aliuza jozi 100 za kwanza, na 90 zikarudishwa kwa sababu ngozi na mpira viliachana pale vilipounganishwa. Aliwarudishia wateja fedha zao, akairekebisha kazi yake, na muundo huo unauzwa hadi leo. Ninachokiona katika kisa hicho ni kwamba buti huvujia kwenye maungio kabla ya kuvujia kwenye ngozi au mpira wenyewe. Unapoishika buti dukani, ipekue pale soli inapokutana na sehemu ya juu, na pale ulimi unaposhonewa pembeni: ulimi usipounganishwa na buti pande zote mbili hadi juu, maji ya kijito kidogo yataingia hapo hata kama kila kitu kingine ni imara.

Kati ya gambuti na buti za ngozi zenye utando wa ndani usiopitisha maji, mimi huamua kwa kuangalia ardhi. Penye kinamasi, nyasi ndefu zenye umande na matope ya kufika kifundoni, gambuti ndefu yenye bitana ya neoprini, mpira laini wenye vipovu vya hewa, haina mshindani. Mpira hauruhusu maji kuingia, ila hauruhusu jasho kutoka pia, na anayepanda mlima akiwa amezivaa atafika juu akiwa amelowa kutoka ndani. Penye miinuko na mwendo mrefu, nachukua ngozi. Utando wa kisasa, wa aina iliyotokana na ugunduzi wa Mmarekani Bob Gore mwaka 1969, una vitundu vidogo mno kwa tone la maji lakini vikubwa vya kutosha kwa mvuke wa jasho. Hata hivyo, ngozi ya nje ikishiba maji mvuke hukosa njia ya kutokea, na mwenye buti hudhani utando umetoboka. Kwa sababu hiyo kuipaka ngozi nta mara kwa mara ni sehemu ya kinga yenyewe. Suruali isiyopitisha maji nayo ivaliwe juu ya buti. Ikichomekwa ndani, mvua yote hushuka hadi kwenye unyayo.

Unene wa bitana hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba, na buti nyingi huwa na 200, 400 au 800. Naamini watu hununua gramu nyingi kupita mahitaji yao. Buti ya 800 humfaa anayekaa kimya kwenye baridi kali; anayetembea nusu ya siku hutokwa na jasho ndani yake, na jasho hilo humgeukia akisimama. Wakati huohuo wengi husahau soli, ingawa anayesimama hupoteza joto jingi kupitia ardhini. Soli nene na kipande cha ndani cha sufu iliyoshindiliwa hunisaidia kuliko bitana ya ziada pembeni. Buti za kazi zenye chuma kwenye vidole ziachwe, maana chuma hupitisha baridi kwa urahisi sana.

Soli ina jukumu jingine ambalo sitaki kulipita haraka, nalo ni usalama. Vitale Bramani, Mwitalia aliyepoteza wenzake sita milimani mwaka 1935, alitengeneza miaka miwili baadaye soli ya mpira yenye meno inayoigwa hadi sasa. Anayeteleza akiwa na bunduki mkononi anahatarisha watu wengine, na mguu uliokufa ganzi hauhisi jiwe linalosogea. Shabaha pia huharibika, kwa kuwa mwili unaotetemeka hauwezi kuituliza bunduki.

Baada ya siku ya mvua, toa vipande vya ndani, jaza magazeti ndani ya buti na uyabadilishe yakilowa, wala usiziweke karibu na moto, maana ngozi hukakamaa na gundi huachia. Soli za poliyurethani, aina ya plastiki, huoza kwa unyevu wa hewa hata zikiwa kabatini. Kabla ya msimu kuanza, zikunje kwa mikono na kuzikagua, kwa sababu zikipasuka zitapasuka mbali na nyumbani.